MAONI YETU: NANI ANAYEJITOLEA KAKUMA?



Wanachama wenye watoto waliomaliza masomo wametuuliza swali moja mara nyingi: mtoto akipata barua ya kwenda "kujitolea" au "kujifunza kazi" katika shirika, aende au akatae? Barua hizo ni za namna nyingi. Nyingine zatoka ng'ambo, zamwita kijana aende Ulaya mwaka mmoja. Nyingine ni za hapa hapa, na hasa Lodwar na Kakuma, ambako mashirika ni mengi kuliko viwanda. Tumeona yafaa tujibu waziwazi, maana jambo hili lahusu ujira, na mambo ya ujira ndiyo kazi ya chama.

Wengine watasema reli haifiki Turkana. Ni kweli. Tawi letu lilifika Kitale katika 1926 likakomea hapo. Kutoka Kitale mpaka Lodwar ni kama kilomita 300 za barabara, na Kakuma iko mbele tena, kama kilomita 120. Lakini vyama vya wafanya kazi vyaijua Turkana tangu zamani. Makhan Singh, aliyeanza kuwakusanya wafanya kazi wa Nairobi katika 1935, alikamatwa katika 1950 akawekwa Lokitaung. Fred Kubai naye alifungwa huko huko baada ya kesi ya Kapenguria. Hao hawakwenda kwa kujitolea, wala hakuna aliyewapiga picha wakiwa wamebeba watoto wa watu.

Sasa tutazame Kakuma yenyewe. Kambi ilianza katika 1992, walipofika vijana wa Sudan waliokimbia vita wakapitia Ethiopia. Leo, pamoja na Kalobeyei iliyo jirani, ni makao ya watu wanaokaribia laki tatu. Watu wengi kiasi hicho hawaishi bila walimu, wauguzi, wakalimani, walinzi na makarani. Ni nani wafanyao kazi hizo?

Yuko kwanza mgeni wa ng'ambo aitwaye mtu wa kujitolea. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea ulianzishwa katika 1970, na makao yake ni Bonn, Ujerumani. Mtu huyu hapokei kitu kiitwacho mshahara, lakini hupewa posho ya kuishi kila mwezi, nauli na bima ya matibabu. Yuko pili Mkenya aliyeandikwa kazi kwa mkataba. Na yuko tatu mkimbizi mwenyewe, ambaye hufundisha darasa lililo jirani na la yule Mkenya, au hutafsiri maneno ya mgonjwa kwa daktari. Huyu naye hapati mshahara. Hupata kitu kiitwacho "motisha", shilingi elfu chache kwa mwezi, kwa kipimo ambacho mashirika yamekubaliana wao kwa wao.

Angalieni basi ndugu. Watu wawili wasiopata "mshahara", na mmoja anaishi vizuri kuliko mwenye mshahara, mwingine hawezi kununua viatu. Neno ni moja, tumbo ni mbalimbali.

Sababu zinazotolewa juu ya motisha twazijua. Twaambiwa kwamba sheria ilikuwa ngumu kwa mkimbizi kupata ruhusa ya kazi, na ya kwamba yeye hupewa chakula na mahali pa kulala, hivyo hahitaji fedha nyingi. Wazee wa reli wakisikia hayo watacheka, maana waliyasikia zamani. Mwafrika wa Nairobi alilipwa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke, kwa hoja kwamba mke na watoto wanalo shamba huko rizavu. Ikahitajika Kamati ya Carpenter ya 1954 ili serikali ikiri kwamba mfanya kazi ana jamaa nyumbani. Na katika 1948 Kamisheni ya Holmes ilikubali Mwafrika na Mwasia walipwe tatu kwa tano ya alipwacho Mzungu kwa cheo kile kile, mpaka Kamisheni ya Lidbury ikaikataa kanuni hiyo katika 1954. Kila mara tajiri alikuwa na sababu nzuri ya kumlipa mtu kidogo, na kila mara sababu hiyo ilihusu maisha ya mtu nyumbani kwake, si kazi aliyoifanya.

Tena sababu zenyewe zimekwisha kuoza. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 yasema mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi ya kumpa riziki, au biashara, au ufundi wake ikiwa vyeti vyake vimekubaliwa. Na kile chakula? Katika 2025, fedha za msaada zilipopunguzwa, na hasa zile za Marekani, mgao wa Kakuma ulikatwa sana, hata watu wakaandamana. Ikiwa motisha ilikuwa ndogo kwa sababu mtu analishwa, je, siku sahani ilipopunguzwa motisha ilipanda? Tungependa wenye mashirika watujibu hilo.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 hakisemi kila raia. Chasema kila mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki na ya kuingia katika chama. Kwa maoni yetu mwalimu wa motisha ni mfanya kazi, na vyama vya walimu na vya wauguzi vingefanya vema kumfungulia mlango badala ya kumwogopa. Asipokuwa ndani ya chama atabaki kuwa kipimo cha kushusha mshahara wa Mkenya aliye jirani naye.

Huko Lodwar mambo yana sura nyingine. Hapo mwenye kubeba mzigo ni kijana wa Kiturkana mwenyewe. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa vijijini walitembea jua kali kutoka boma hadi boma, wakipima watoto na kupeleka wajawazito hospitali, kwa jina hili hili la kujitolea. Katika 2023 serikali iliwaandikisha wahudumu wa namna hiyo kama 100,000 nchi nzima na kuahidi shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Si mshahara, lakini angalau mtu amekiri kwamba miguu ile huchoka.

Na mwanagenzi je? Sisi wa karakana twaujua uanagenzi, wala hatuukatai. Mwanagenzi wa kweli ana fundi wa kumfundisha, ana muda uliowekwa, ana ujira mdogo unaopanda kila mwaka, na mwishoni ana cheti. Lakini kijana mwenye stashahada akiwekwa miezi sita kuandika hesabu za ghala, bila fundi, bila hata nauli ya pikipiki, kisha akafuatwa na mwingine miezi sita, na mwingine tena, huo si uanagenzi. Hapo pana kazi ya karani ambayo tajiri hataki kuilipia. Madaktari wamekwisha kutuonyesha njia. Katika 2024 walisimamisha kazi siku 56, na jambo moja kubwa lilikuwa wanagenzi wao: mkataba wa 2017 ulisema kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kutoa 70,000. Chama chao hakikusema hao ni watoto, waachwe wavumilie. Kiliwasimamia kama wanachama kamili.

Hatuna ugomvi na mgeni ajaye kwa moyo mwema. Mafundi wa Don Bosco hufundisha ufundi wa mikono Kakuma, na mtu aliyejifunza kuchomea vyuma hapungukiwi na kitu kwa sababu mwalimu wake alikuwa mgeni. Twasema juu ya makampuni ya ng'ambo yauzayo safari za kujitolea kama wengine wauzavyo safari za kuona simba. Kijana hulipa, huja wiki mbili, hujenga ukuta wa darasa ambao hajawahi kujenga mwingine maishani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu aja na jembe lake mwenyewe, na mwashi aliyekuwa na kazi ndiye anayeambiwa akae kivulini.

Kwa waendao ng'ambo, iko mipango ya heshima. Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts katika 2008 kuwatuma vijana wake nje, na tangu 2013 vijana wa nchi kama yetu nao waweza kwenda huko. Sehemu kubwa ya gharama hutolewa na serikali yao. Kwa hiyo wakala akikudai fedha nyingi ili kumwingiza mwanao katika mpango wa namna hiyo, funga mkoba wako. Shirika la WUSC la Canada, tangu 1978, huwapeleka vijana wakimbizi katika vyuo vikuu vya huko, na wa Kakuma wamo. Wanafunzi wa Canada hukubali kwa kura wakatwe kiasi kidogo juu ya ada zao ili kumsomesha mwenzao wasiyemjua. Mwanachama yeyote ataelewa mara moja, maana ndivyo lilivyo kato letu la kila mwezi.

Basi kwa waliotuuliza: kabla mtoto hajatia sahihi, barua iletwe kwa katibu wa tawi. Tutatazama nani atakayemfundisha, muda ni miezi mingapi, nani alipa nauli na matibabu, na nani alikuwa akiifanya kazi hiyo mwaka jana. Ikiwa aliyeifanya alikuwa na mshahara, naye ameachishwa ili nafasi ipewe wa kujitolea, tutawaandikia wenye shirika, na nakala tutampelekea afisa wa kazi.