Kansere ya mlango wa kizazi: upasuaji mdogo, na safari ya pili

Vita vya Lubero vinaua pia kwa njia isiyosikika. Tangu Kanyabayonga na Kirumba kuanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zimekimbilia Butembo na Beni. Mama wa Kipese aliyeambiwa arudi hospitali baada ya mwaka mmoja, atarudi kwa njia gani?

Tunauliza kwa sababu ya kansere ya mlango wa kizazi. Mwaka 2022, kwa hesabu ya OMS, iliua wanawake karibu 350,000 duniani, wengi wao katika nchi maskini. Lakini haiji ghafula. Huletwa na virusi vya papiloma, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata dawa, miaka 5 hadi 10. Katika muda huo muuguzi anaweza kupaka siki na kuona sehemu iliyogeuka nyeupe.

Sehemu ndogo huchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, pengine siku ileile. Ikiwa kubwa au imeingia ndani, daktari huikata kwa kitanzi cha waya chenye umeme, na kipande hupelekwa maabara. Tumbo halipasuliwi, wala kizazi hakiondolewi. Mama anaweza kuzaa baadaye, ila amwambie mkunga, maana hatari ya kuzaa kabla ya wakati huongezeka kidogo. Wengi hupona. Kwa wachache ugonjwa hurudi, ndiyo sababu OMS inataka mama apimwe tena baada ya miezi 12.

Safari hiyo ya pili ndiyo vita, umaskini na aibu vinaikata. Mume akisema ugonjwa ni ushahidi wa uzinzi, anakosea: karibu kila aliyeoa au kuolewa huweza kupata virusi hivi, na mwanaume hubeba pia.

Katika Marko 5, Yesu hakumwaibisha mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Alimwita binti mbele ya watu wote. Basi wachungaji tulitangaze jambo hili ibadani, waume wakiwepo. Umoja wa wamama uandike tarehe za kurudi, hata za waliokimbia, na sadaka ya huruma ilipe nauli yao.