Fungu la Mto

Hapana mali ambayo wanadamu huisifu sana kwa maneno na kuidharau sana kwa vitendo kama maji. Kila siku husemwa kwamba maji ni uhai. Husemwa shuleni, makanisani, barazani na bungeni. Lakini msemaji akiisha kuketi, kijito kipitacho nyuma ya baraza lake huendelea kupungua kama kilivyokuwa kikipungua kabla hajasimama. Insha hii yawapinga watu wa namna mbili: wale wadhanio kwamba mto ni mali ya mwenye shamba unamopita, na wale watunga sheria wadhanio kwamba haki ya maji hutimizwa kwa kujenga matangi na kulaza mabomba tu. Wa kwanza huumaliza mto kwa kutojali. Wa pili huumaliza kwa kuusahau.

Itazame kwanza nchi ya Nyamache, msomaji. Ni nchi ya vilima vya Bobasi katika Kaunti ya Kisii, yenye mvua nyingi, chai, migomba na mahindi. Mgeni afikaye wakati wa masika atacheka akiambiwa kwamba wenyeji wana shida ya maji, maana karibu kila bonde lina chemchemi, na kila chemchemi ina kijito. Vijito hivyo humwagikia Mto Gucha na matawi yake. Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja, huteremka mpaka Kaunti ya Migori, ukakutana na Mto Migori, kisha ukaingia katika Ziwa Victoria. Njiani huzungusha mitambo ya umeme ya Gogo, iliyojengwa katika miaka ya 1950, na karibu na ziwa hunywesha mashamba ya mpunga. Basi kijito ambacho mtoto wa Nyamache hukiruka kwa hatua moja si kitu kidogo. Ni mwanzo wa riziki ya watu ambao hatawaona maisha yake yote.

Lakini nchi hii njema imejaa watu. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilometa moja ya mraba. Shamba la babu limegawiwa wana, na la wana limegawiwa wajukuu, hata mwenye kipande leo hawezi kuacha hatua moja ya udongo ilale bure. Palipokosekana nafasi juu ya kilima, jembe lilishuka bondeni. Na nyuma ya jembe ulifuata mkaratusi.

Sitaki kuutukana mkaratusi. Ni mti uliotoka Australia, wenye kukua upesi na kunyooka vizuri. Hutoa kuni, boriti na nguzo, na viwanda vya chai huchoma magogo yake ili kukaushia majani. Wako wanafunzi wengi ambao karo yao ilitoka katika miti hiyo, na pengine wewe usomaye ni mmoja wao. Atakayekuambia kwamba mzazi wako alipanda mkaratusi kwa ujinga hakujua shida ya mzazi wako. Hata hivyo, sifa ya mti huu ndiyo kasoro yake. Hukua upesi kwa sababu hunywa sana, na ukipandwa mtoni au juu ya chemchemi hunywa mchana wa masika na mchana wa kiangazi pasipo kubagua.

Huko Mokobulaan, katika Afrika ya Kusini, wataalamu walilijaribu jambo hili kwa subira kubwa. Mwaka 1969 bonde dogo lenye kijito kisichokauka lilipandwa mikaratusi. Katika mwaka wa 9 kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ilipokuwa na umri wa miaka 16, na watu wakangoja maji yarudi. Hayakurudi kesho yake wala mwaka ule. Ilipita miaka 5 ndipo kijito kikatiririka tena mwaka mzima. Yashike mafunzo mawili ya kisa hiki. La kwanza, mti waweza kukausha kijito. La pili, aliyekausha kwa miaka 9 hawezi kutengeneza kwa siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukuta wa maji haujengwi kwa mawe. Hujengwa kwa miaka.

Je, nchi yetu haina sheria? Inazo, tena nzuri. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kumtosha. Kifungu cha 62 chahesabu mito na maziwa yote kuwa ardhi ya umma. Jedwali la Nne laiagiza Serikali ya Taifa kulinda maji na kuhakikisha kwamba maji ya kutosha yanabaki mahali pake, nazo kaunti zimepewa kazi ya kuhifadhi udongo na maji kwa kufuata siasa ya taifa. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba rasilimali zote za maji zimo mikononi mwa Serikali ya Taifa kama amana ya wananchi. Kwamba matumizi ya nyumbani hutangulia matumizi mengine yote. Na kwamba kila mto una akiba yake, nayo ni maji ya kutosheleza mahitaji ya lazima ya watu na ya kuhifadhi uhai wa viumbe vilivyomo mtoni.

Simama hapo juu ya neno akiba, kwa maana ndilo fungu la mto. Maana yake ni kwamba kabla ya mwenye kiwanda, mwenye mtambo wa kunyunyizia na mwenye bwawa la samaki kupewa kibali, mto wenyewe hutengewa sehemu isiyogawiwa mtu. Kanuni za mwaka 2007 zilikipa kipimo kiasi hicho: akiba isipungue maji ambayo mto huyafikia na kuyazidi katika siku 95 kati ya siku 100. Kanuni hizo ziliamuru pia ukanda kando ya mto, usiopungua meta 6 wala kuzidi meta 30 kila upande, uachwe bila kuharibiwa.

Sheria zikiwa nzuri hivyo, mbona vijito vinapungua? Ni kwa sababu sheria isiyopimwa ni sala isiyo na amina. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iondolewe katika vyanzo vya maji na kando ya mito. Amri ile ilikuwa ya haki. Miaka imepita, na mikaratusi ingali imesimama kando ya vijito vingi vya Gusii. Mkulima aliambiwa akate mti, hakuambiwa atalipa karo kwa nini. Aliambiwa aache ukanda, hakuonyeshwa kigingi. Amri ikasikiwa, ikaogopwa kwa muda, ikasahauliwa. Na mabunge nayo hutupiana mpira: Bunge la Kaunti likiulizwa husema mto ni wa taifa; Bunge la Taifa likiulizwa husema udongo na maji ya vijijini ni kazi ya kaunti. Wakati wawili hao wanaposhindana kuhusu nani si mwenye kazi, chemchemi haingoji hukumu.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu, maana si haki kumshinda mtu asiyepewa nafasi ya kusema.

Wa kwanza asema: “Nina hati ya shamba, kilichomo ni changu.” Jibu ni kwamba hati yako ni ya udongo, si ya maji yapitayo. Maji uliyoyakuta asubuhi yalilala jana katika shamba la jirani aliye juu, na jioni yatakuwa katika shamba la jirani aliye chini. Kama jirani wa juu naye angeshika hoja yako, wewe ungekuwa na hati nzuri na ndoo tupu.

Wa pili asema: “Ninachochota mimi ni kidogo mno.” Huenda ni kweli. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Mto haukaushwi na mwizi mmoja. Hukaushwa na watu wema elfu moja, kila mmoja akichukua kidogo.

Wa tatu ana hoja yenye uzito zaidi: “Watu kwanza, samaki na vyura baadaye.” Hoja hii husifiwa sana, kwa sababu yafanana na huruma. Lakini ichunguze. Anayeathiriwa kwanza mto ukipungua si chura. Ni yule mama asiye na tangi wala bomba, anayeteka mtoni kwa ndoo, kwani mwenye fedha atachimba kisima. Tena ni watu wa Migori walio mwisho wa Gucha. Hao hawana mjumbe katika Bunge la Kaunti ya Kisii, na wahenga wamesema asiyekuwapo na lake halipo. Fungu la mto ndiyo sauti ya hao wasiokuwapo. Sisi Wakenya tuliyalalamikia makubaliano ya mwaka 1929, ambayo kwayo Uingereza iliiahidi Misri kwamba hatungefanya kazi kubwa juu ya maji yaendayo Naili bila idhini yake. Tulisema kwamba si haki kuamuliwa jambo la maji barazani ambamo hatukuwamo. Tulisema kweli. Basi tusiwatendee wa chini yetu lile tulilolikataa kwa wa juu yetu.

Watu wengine wamekwisha kusoma somo hili kwa gharama kubwa. Katika jimbo la Colorado, Marekani, desturi ya zamani ilikuwa kwamba aliyetangulia kuchota ndiye mwenye haki ya kwanza, na maji yaliyoachwa mtoni hayakuwa na mwenyewe. Mwaka 1973 wabunge wa jimbo hilo walitunga sheria iliyoiwezesha bodi ya serikali kushika haki ya maji kwa ajili ya mto wenyewe, ili yatiririke tu. Huku kwetu Afrika Mashariki, Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania ulitiririka mwaka mzima tangu kale. Tangu mwaka 1993 ulianza kukauka kila kiangazi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baada ya maji yake kuvutwa mno katika mashamba ya mpunga ya Usangu na mifugo kuzidi katika ardhi oevu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia mwaka 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika, lakini maji ya kiangazi hayakufika. Ahadi ni rahisi. Kumwambia mtu afunge mfereji wake ni kazi.

Basi twawataka watunga sheria wetu, wa kaunti na wa taifa, mambo manne. La kwanza, kila kijito kikubwa kipimwe, na kiasi cha akiba yake kitangazwe barazani kwa lita, wanakijiji wakijue kama wajuavyo bei ya chai. La pili, vigingi viwekwe mtoni, ili ukanda uonekane kwa macho na usibaki katika karatasi. La tatu, mkulima anayeng'oa mikaratusi ukingoni apewe miche ya mianzi na miti ya asili, na alipwe kitu kwa miaka ya mpito. Kwa maana kumtaka maskini ailinde mali ya wote kwa hasara yake peke yake ni dhuluma iliyovaa kanzu ya uhifadhi. La nne, kibali kisitolewe pale ambapo akiba haijajulikana. Huwezi kugawa chakula usichokijua kimebaki kiasi gani chunguni.

Nawe mwanafunzi, usiseme kwamba hayo ni ya wakubwa. Hesabu uliyofundishwa yatosha kukufanya shahidi. Chagua mahali kijito kinyookapo kwa meta 10. Pima upana wake na kina chake. Tupa kijiti juu ya maji na uhesabu sekunde. Tuseme upana ni meta 1, kina ni sentimeta 20, na kijiti kimetumia sekunde 40. Hapo zimepita lita 2,000 katika sekunde 40, yaani lita 50 kila sekunde. Na kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, punguza moja ya tano, zibaki 40. Kwa siku moja ni lita 3,456,000, zinazowatosha watu 69,120 kama kila mmoja atatumia lita 50. Rudia kipimo hicho mwezi wa Januari. Ukikuta lita 4 tu, kijito sasa chawatosha watu 6,912. Waliobaki watakwenda wapi?

Andika tarakimu hizo katika daftari, mwezi baada ya mwezi, darasa baada ya darasa. Siku mjumbe wa wadi au mbunge atakapokuja kuwaambia kwamba maji ni uhai, msimpigie makofi upesi. Simameni kwa adabu, mfungue daftari, mmwulize: “Mheshimiwa, fungu la kijito hiki ni lita ngapi, na ni nani anayelilinda?” Asipokuwa na jibu, mwandikeni tarehe.