Mlango wa Kilosa uko Dar

Ndege ndogo kutoka Zanzibar ikitua Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa Mikumi, abiria hushuka kwenye changarawe na kupanda gari la kutazama wanyama. Hakuna dirisha la Uhamiaji wala mhuri, na havihitajiki, kwa kuwa hiyo ni safari ya ndani: mgeni alikwishakaguliwa alikoingilia nchini. Askari wa hifadhi anaangalia kibali cha hifadhi, basi. Anayeshuka treni ya SGR pale Kilosa naye haulizwi alivyoingia Tanzania. Kwa hiyo uwanja wa Dar es Salaam ukimpitisha mgeni bila kumkagua, huku hakuna wa kulirekebisha kosa hilo.

Na makosa hutendeka. Ulaya na Marekani imetokea zaidi ya mara moja abiria wa kimataifa kushushwa kwenye mlango wa safari za ndani, wakachukua mabegi yao na kutoka bila kuonana na ofisa yeyote. Hawakutoroka, walifuata njia waliyoonyeshwa. Dar tumejikinga kwa majengo, kwani tangu 2019 safari za kimataifa zina Jengo la Tatu. Lakini ukuta hauhesabu watu. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga, walipakiwa ndegeni katika Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) wakapelekwa Qatar. Ule ulikuwa uhalifu, si bahati mbaya, ila unaonyesha kwamba uwanja wenye kuta na walinzi bado unaweza kupitika.

Wapo watakaosema mtalii mwenye viza si tishio, na kwamba wahamiaji haramu hupita na malori barabara ya Zambia, inayokatiza Mikumi kwenyewe. Ni kweli wanapita. Lakini lori halina orodha ya abiria. Ndege inayo, na kuilinganisha na waliogongewa mihuri ni kazi ya dakika chache. Mtalii huyo huyo ndiye ataumia siku ya kuondoka, pasipoti yake ikiwa haina mhuri wa kuingia. Tena anayekwepa Uhamiaji amekwepa na meza ya afya, katika nchi iliyopambana na Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025.

Basi hesabu ikipungua hata mtu mmoja, uwanja utangaze kosa lake saa ileile, na rubani wa ndege ya kwenda Mikumi aambiwe asubiri kabla hajawasha injini.