Mita 10 Zisizouzwa

Juma lililopita baba mmoja wa mtaa wetu alitujia jioni, akiwa na karatasi mkononi. Alisema: "Mwalimu, imeandikwa kwa Kifaransa. Unisomee vizuri kabla sijatoa pesa zangu." Tukaisoma. Ilikuwa hati ya kununua kiwanja, upana mita 15, urefu mita 20. Na mpaka wake wa chini, hati yasema, ni mto. Bei ilikuwa nusu ya bei ya viwanja vingine. Yeye alifurahi kwa sababu ya bei. Sisi tuliingiwa na hofu kwa sababu ya mpaka.

Wasomaji wapendwa, twapenda leo kusema nanyi juu ya mpaka huo, maana jamaa nyingi hutia sahihi karatasi ya namna hii bila kujua walichokinunua.

Sheria ya ardhi ya nchi yetu, ya tarehe 20 Julai 1973, yasema ya kwamba ardhi ni mali ya Serikali, nasi twapewa haki ya kuitumia. Tena yasema ya kwamba mahali maji yanapolala, yaani sakafu ya ziwa na ya mto, ni mali ya wote, pamoja na ukanda wa mita 10 kandokando. Na mita hizo hupimwa kutoka wapi? Siyo kutoka maji ya kiangazi. Hupimwa kutoka mstari wa juu kabisa ambao maji huufikia katika mafuriko ya kawaida. Hapo ndipo penye udanganyifu. Mwuzaji hupima mwezi wa Julai, mto hupima mwezi wa Aprili.

Wazee wetu walisema: maji hufuata mkondo. Katika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, mvua kubwa iliteremsha mito, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi; walizikwa watu zaidi ya 400. Hatusemi kwamba wote hao walijenga ndani ya mita 10. Milima iliyonyang'anywa miti yake haishiki tena maji, na mafuriko ya namna ile hupita mbali kuliko ukanda wa sheria. Lakini jambo hilo lazidi kutuonya: mita 10 ni kipimo kidogo kabisa, siyo kipimo cha kutosha mahali pote.

Na chemchemi je? Maji yatokayo ardhini huonekana safi, lakini yametembea chini ya udongo kabla ya kufika kwenye mtungi wa mama. Mtu akichimba choo upande wa juu, uchafu waweza kufuata njia ileile, na kipindupindu chaingia nyumbani kwa watu wasiomjua mwenye choo. Ndiyo sababu sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 yataka vyanzo vya maji ya kunywa vilindwe kwa maeneo yaliyotengwa. Wenye ujuzi hushauri choo kiwe mbali na chanzo mita 30 angalau, tena upande wa chini. Vilevile tusipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Miti ya asili iliyopo hapo na iachwe.

Labda mtu atauliza: uwanja wa ndege nao wahitaji nini? Nao wahitaji nafasi tupu, na siyo kwa fahari. Ndege kubwa haiwezi kusimama ghafula kama baiskeli. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililozaliwa kwa mapatano ya Chicago ya 1944, mbele ya njia kubwa ya kutua huwekwa mteremko usioonekana kwa macho, unaopanda mita 1 kwa kila mita 50. Basi, penye mita 500 kutoka mwanzo wa mteremko huo, nyumba, mti au mnara usipite kimo cha mita 10. Na mwisho wa njia yenyewe huachwa uwanda mtupu, ili ndege ikikosa kusimama isiwakute watu.

Sisi Wakongo tulijifunza neno hilo kwa machozi. Tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, ndege ya mizigo ilishindwa kupaa katika uwanja wa N'Dolo, ikaingia sokoni, ikaua watu zaidi ya 200. Mjini Goma, volkeno ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya ndege mwezi wa Januari 2002, njia ikawa fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege moja ilipita mwisho wa njia hiyo, ikaanguka juu ya nyumba na maduka ya Birere. Walikufa watu kama 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa nyumbani mwao au kwenye biashara zao.

Tulipokwisha kumweleza yule baba mambo hayo, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Basi, Mwalimu, maskini ajenge wapi?"

Swali hilo ni la haki, wala hatutaki kulikimbia. Maskini hajengi mtoni kwa ukaidi. Hujenga kwa sababu pengine ndipo mahali pekee panapolingana na mfuko wake. Kwa hiyo mwenye hatia ya kwanza siye yeye. Ni yule aliyepima na kuuza kitu kisichouzwa, na yule aliyepiga muhuri huku akijua. Serikali inayobomoa nyumba ya mjane bila kumwonyesha mahali pengine, na kumwacha mwuzaji aende zake, imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyo nyepesi.

Hata hivyo, maji hayaulizi ni nani aliyekosa. Kwa hiyo, baba na mama, kabla ya kutoa pesa fanyeni mambo matatu. Kwanza, waulizeni wazee wa mahali pale maji yalifika wapi katika mwaka wa mvua kubwa. Pili, kitazameni kiwanja wakati wa masika, siyo wakati wa kiangazi tu. Tatu, pelekeni karatasi katika ofisi ya ardhi ninyi wenyewe, mkaulize kama mahali hapo pametengwa. Msimtume mwuzaji awaulizie.

Yule baba hakutia sahihi. Amerudi katika chumba chake cha kupanga, yeye, mkewe na watoto watano, na pesa zake bado ziko sandukuni. Kiwanja hatujampatia. Tumeahidi kwenda naye katika ofisi hiyo Jumanne, naye ameahidi kumwambia jirani yake, ambaye ameonyeshwa kiwanja kilekile.