Mzee hakurogwa, mmemfungia ndugu zake getini!

Wasomaji mtaniwia radhi. Wiki hii siandiki habari za foleni ya malori hapa Tunduma, wala za ushuru na usumbufu wa mpakani. Naandika habari za bibi yangu, na za wazee wenzake wanaoingia chumba cha upasuaji wakiwa na akili zao timamu, kisha wanatoka mfupa umeungwa lakini akili imepotea njia.

Bibi aliteleza uani kwetu Mpemba, akavunjika nyonga. Tulimkimbiza hospitali moja kubwa, jina nalihifadhi kwa sababu sitaki ugomvi na mtu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kwanza aliuliza kama kuku wake wamefungiwa bandani, tukacheka, tukarudi nyumbani kulala. Usiku wa pili mambo yakaharibika. Alisema mpira wa dripu ni nyoka, akauchomoa. Alimwita babu, aliyekwisha kufa miaka mingi, aje amfungulie mlango. Asubuhi tuliporuhusiwa kuingia tulimkuta amefungwa mikono kitandani kwa bandeji. Alipomwona mama mdogo, yaani mke wa baba mdogo, amesimama na chupa ya uji, akapiga kelele wodi nzima ikasikia: "Huyu ndiye ananiwekea sumu!"

Jamani, maneno kama hayo kwetu huku si ya mchezo. Jioni ile ile kikao cha ukoo kilikaa. Mjomba mmoja alitaka bibi atolewe hospitali apelekwe kwa mganga. Wengine walisema mgonjwa aliye karibu na kufa hasemi uongo. Mama mdogo, aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kupika uji ule, alifunga mizigo akarudi kwao Mlowo.

Siku ya tano bibi aliamka, akauliza habari za kuku. Hakumbuki nyoka, hakumbuki sumu, hakumbuki kitu.

Sasa, mimi si daktari. Nimeishia kidato cha nne, na kwenye baiolojia nilipata D. Lakini nina miguu ya kwenda kuuliza na simu ya kusomea. Nimeongea na wauguzi wawili na daktari mmoja, ambao kwa kuogopa vibarua vyao kuota nyasi hawataki kutajwa. Wote walinijibu jambo moja. Hali ile ina jina, kitaalamu inaitwa deliriamu, sisi tungesema kuweweseka. Si uchawi, wala si wazimu wa kudumu. Ni ubongo wa mtu mzima uliozidiwa na mambo mengi kwa mpigo: maumivu, damu iliyopotea, maambukizi, kiu, choo kigumu, mkojo uliobana, dawa za usingizi, usiku usio na usingizi, mahali pageni na sura ngeni. Inakuja ghafla, inapanda na kushuka, na usiku ndiyo kali zaidi. Waliovunjika nyonga ndio wanaopatwa sana.

Na haihusu wachache. Pale KCMC Moshi watafiti waliwapima wagonjwa wa miaka 60 na zaidi waliolazwa katika wodi za magonjwa ya ndani, wasiofanyiwa upasuaji, na karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na hali hii. Tena si kila anayeweweseka hupiga kelele. Wengine wananyamaza, wanalala mchana kutwa, wanageuza uso ukutani na kukataa chakula. Wauguzi wanawasifu kuwa ni wagonjwa wasio na usumbufu. Kumbe hao ndio wa kuogopewa zaidi, kwa sababu hakuna anayegundua kuwa ndani kuna maambukizi yanatafuna.

Kilichonitia hasira ni kwamba sehemu kubwa ya balaa hili inazuilika, na kinga yenyewe hainunuliwi kwa dola. Mwaka 1999 daktari mmoja wa Marekani, Sharon Inouye, na wenzake walitangaza matokeo ya kazi yao kwa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Waliopata uangalizi wa kawaida, asilimia 15 waliweweseka. Waliopata uangalizi maalumu, asilimia 9.9. Uangalizi gani? Kuongea na mzee na kumkumbusha yuko wapi na leo ni siku gani. Kumpa maji. Kumvalisha miwani yake. Kumtembeza. Kumwacha alale usiku badala ya kumwamshaamsha. Huko Taiwan nako, mwaka 2017, ilitangazwa habari ya wagonjwa 377 waliopasuliwa tumbo: muuguzi mmoja aliwapitia kila siku kwa mambo matatu tu, kuwaongelesha, kuwasaidia kula na usafi wa kinywa, na kuwaamsha watembee mapema. Walioweweseka walikuwa asilimia 6.6, wakati kwa wenzao waliobaki na uangalizi wa kawaida walikuwa asilimia 15.1.

Hebu tazama kichekesho. Marekani ile kazi ya kukaa na mzee inafanywa na watu wa kujitolea, inabidi watafutwe na kufundishwa. Sisi watu tunao bure! Wamesimama getini na chupa ya chai na kanga begani, wanabishana na mlinzi kwamba saa ya kuona wagonjwa haijafika. Ndani bibi wa Kinyamwanga asiyejua Kiswahili vizuri anaulizwa maswali na mtu asiyemfahamu, miwani imebaki kwenye mkoba wa mjukuu aliye nje, glasi ya maji iko mbali na mkono wake. Muuguzi ni mmoja na vitanda ni vingi. Simlaumu. Nauliza tu, kwa nini msaada umefungiwa nje?

Nikiuliza hivyo naambiwa kuna msongamano, kuna wizi, na ndugu wanaingiza dawa za kienyeji. Sawa, hayo yapo. Lakini mtoto mdogo akilazwa, mama yake analala naye, na wodi hazijabomoka. Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, vituo vya afya vilijaribu kumruhusu mama mjamzito awe na mwenzake wa kumchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Basi mzee aliyepasuliwa amekosa nini? Na isisahaulike kwamba mgonjwa mwenye pesa, aliye kwenye chumba cha peke yake, mke wake anakaa pembeni kutwa kucha na mlinzi anampigia saluti. Ratiba ya geti inamhusu mlalahoi.

Wakubwa wetu wanajua sana kuwasifu wazee majukwaani. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Dirisha la wazee lipo, limeandikwa kwa rangi. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa 2016 kutoka Mbeya, tukaambiwa huduma zinasogezwa karibu, na bado mgonjwa mwenye jambo zito anasafirishwa zaidi ya kilomita 100 kutoka Tunduma hadi Mbeya, mbali na kila sauti anayoifahamu. Dirisha la kuandikishia ni jambo jema, lakini mzee haweweseki dirishani. Anaweweseka saa nane za usiku, wodini, akiwa peke yake.

Ninachodai hakihitaji bajeti wala mfadhili. Atoke Mganga Mkuu wa Mkoa au wizara yenyewe na waraka wa ukurasa mmoja: kila mgonjwa mwenye miaka 60 na zaidi aliyefanyiwa upasuaji awe na ndugu mmoja mwenye kibali, akae naye mchana na usiku kwa siku zile za mwanzo. Madiwani wetu wa Tunduma, wanaoweza kubishana nusu siku juu ya vibanda vya soko, walipeleke hili kwenye baraza.

Waraka huo useme na habari ya njaa. Mzee anaambiwa asile wala asinywe tangu jioni. Kesho yake upasuaji unaahirishwa hadi alasiri, na hakuna anayemkumbuka na kiu yake. Kanuni za wataalamu wa usingizi zinaruhusu kwa wagonjwa wengi maji matupu hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Basi daktari aulizwe na aamue, si kumkausha mtu kama dagaa. Vilevile ile tabia ya kumchoma mzee sindano ya diazepamu au prometazini ili atulie: wataalamu wanasema dawa hizo kwa wazee mara nyingi huongeza kuchanganyikiwa. Kumfunga mikono nako kunamzidishia hofu.

Na sisi ndugu tusijifanye malaika. Tunaficha mambo. Babu anakunywa komoni au gongo kila siku ya Mungu, tukiulizwa tunasema hanywi. Siku ya pili pombe imekatika mwilini, anaanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani, na hiyo ni hatari inayoua. Mwambie daktari ukweli. Mwambie na dawa zote anazomeza, zikiwemo za mitishamba. Na ukimwona mzee amebadilika ghafla, usiseme ni uzee tu. Mwite muuguzi, sema wazi kwamba jana hakuwa hivi.

Bibi yangu aliokolewa na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ambaye alivunja sheria. Aliniingiza saa tatu usiku, akafungua zile bandeji, akaniambia niongee naye kikwetu. Nikamvalisha miwani, nikampa maji kijiko kwa kijiko, nikamweleza yuko hospitali na mguu umeshashonwa. Sisemi mimi ndiye niliyemponya, maana alipimwa na kukutwa ana maambukizi ya mkojo, akapewa dawa. Lakini usiku ule alilala bila kamba. Muuguzi yule angekamatwa angeandikiwa barua ya kujieleza.

Sasa bibi anatembea kwa fimbo na kuku wake wameongezeka. Kila siku anauliza mbona mkwewe haji kumsalimia. Tumetuma watu Mlowo mara mbili kuomba radhi. Mama mdogo amejibu kwamba amemsamehe bibi, kwa sababu alikuwa mgonjwa, ila sisi tuliokaa kikao tulikuwa wazima.