Mungu hakutupa watu wa kufuga



Twasikia hata mlangoni mwa kanisa: «Mkubwa yule ana vijana wake, anawafuga.» Husemwa kwa kicheko. Sisi hatucheki.

Kitabu cha Mwanzo chatupa mamlaka juu ya samaki, ndege na wanyama; juu ya mtu mwenzetu hakitupi. Kufuga wanyama si dhambi. Ng'ombe wa Masisi wametulea kwa maziwa na jibini. Hata maharagi ya sufuria zetu, yenye asili ya Amerika, yalitolewa porini na wakulima wa kale. Lakini tazameni yaliyopotea: maharagi ya porini hupasua ganda yenyewe yakirusha mbegu, ya shambani hungoja mkono wa mtu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kule Api katika Uele, watumishi wa Mfalme Leopold II walifuga tembo. Walikamata wadogo, maana tembo mzima ni vigumu kumpinda. Ndivyo wafanyavyo leo wanaozunguka vijijini mwetu wakitafuta watoto wa kubeba silaha. Ndivyo afanyavyo pia, kwa sauti ya upole, mwanasiasa agawaye bia.

Na sisi makatekista? Mara nyingi tulimsifu mtoto anyamazaye, na aliyeuliza swali tukamwonyesha fimbo. Huko nako kulikuwa kufuga, nasi twaungama.

Wengine watatujibu kwamba Yezu mwenyewe alituita kondoo. Kweli. Lakini mchungaji yule humwita kila mmoja kwa jina, naye alikufa kwa ajili yao. Wafugao watu huwatanguliza vijana wafe, wao wakibaki nyuma. Tena, usiku wa mwisho, aliwaita wanafunzi wake rafiki.

Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma hii (na chui, mwajua, hafugwi), alikuwa mkaguzi wa bidhaa. Walimpa fedha apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa, akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri kule Roma, tarehe 15 Juni 2025. Hakuwa mkaidi. Alikuwa mtiifu, ila alijua anamtii nani.

Basi, mkubwa fulani atakapoleta fulana mpya za kikundi, viongozi wenu wamwulize mbele ya wote, kabla ya mtu yeyote kuivaa: tutadaiwa nini?