Ujasiri Peke Yake Haumfundishi Mtu Kupinduka Hewani

Katika mchezo wa weikibodi mtu husimama juu ya ubao mmoja, miguu yake imefungwa katika viatu vilivyokazwa kwenye ubao huo, naye hukokotwa na motaboti kwa kamba ya mita zipatazo 20. Mwendo aghalabu huwa kati ya kilomita 30 na 40 kwa saa. Wimbi linaloachwa nyuma ya motaboti humfaa mchezaji kama kilima cha kurukia. Mchezo huu ulichipuka Australia na Marekani katika miaka ya 1980, na mwaka 1996 uliingizwa katika mashindano ya X Games.

Wapo waaminio kwamba anayetaka kuzunguka au kupiga kichwangomba hewani hahitaji ila moyo mkuu. Imani hiyo ni ya hatari. Miguu iliyofungwa haiachani na ubao kwa urahisi, na mtu atuaye vibaya aweza kukatika kano za goti, kuteguka bega au kutikisika ubongo. Kinachomlinda mwanafunzi ni utaratibu wa kujifunza, na utaratibu huo umejengwa juu ya kanuni zile zile zinazofundishwa darasani.

Chukua mfano wa kuruka kwa upande wa vidole. Mchezaji huegemea ukingo wa ubao ulio chini ya vidole vya miguu, akalikabili wimbi hali mgongo wake umeelekea motaboti. Hapo ndipo ugumu ulipo. Akiuachia mpini wa kamba uende mbali na mwili, kamba humvuta pembeni mwa kitovu cha uzito wake na kumgeuza kabla hajaruka. Kwa hiyo walimu husisitiza mpini ukae karibu na nyonga ya mbele. Hilo si jambo la madaha. Ni kanuni ya wenzo: kani ile ile, ikiwa karibu na mhimili, huzungusha kidogo.

Akisha kuondoka majini, uvutano wa dunia hauwezi kumzungusha, kwa kuwa hupitia katika kitovu cha uzito wake. Mbali na kamba, mzunguko alio nao ni ule aliouchukua kutoka kwenye wimbi. Awezalo ni kuubadili mwendo wake: akijikunja huzunguka upesi, akijinyoosha huzunguka polepole. Vijana warukao baharini kutoka ukutani pale Forodhani, Unguja, hulifanya jambo hilo kila jioni bila kulitaja kwa jina.

Hesabu nayo ina neno. Kitovu cha uzito kikipanda mita 1, mchezaji hukaa hewani kwa muda wa sekunde 0.9 hivi. Nusu mzunguko, yaani nyuzi 180, wahitaji mwendo wa nyuzi 200 kwa sekunde. Mzunguko mzima wahitaji 400. Mizunguko mitatu kwa kimo hicho ingehitaji nyuzi 1,200 kwa sekunde. Atakaye kuuongeza muda huo mara mbili hana budi kupanda mita 4, kwani muda ukizidi mara mbili, kimo huzidi mara nne. Ni dhahiri basi kwamba asiyeweza kupata kimo hana haki ya kudai mizunguko.

Ndiyo maana ngazi ya kwanza ni kuruka wima bila kuzunguka, na kutua kwa magoti yaliyolegezwa. Ya pili ni nusu mzunguko. Lakini atuaye hapo huwa ametanguliza mguu wa nyuma, hivyo sharti awe amekwisha kujizoeza kuteleza hivyo. Katika mzunguko mzima mpini hupokezanwa kutoka mkono hadi mkono nyuma ya mgongo, katika sehemu ndogo ya sekunde. Kisha huja vichwangomba, na mwisho kichwangomba kilichochanganywa na mzunguko.

Yuko atakayepinga kwamba kichwangomba cha kinyumenyume kwa upande wa vidole hakihitaji kupokezana mpini, hivyo wengine hukijua kabla ya mzunguko mzima. Pingamizi hilo lina ukweli. Hata hivyo halivunji hoja. Kichwangomba hicho huzaliwa na ukingo ulioshikiliwa imara hadi kileleni mwa wimbi. Aulegezaye mapema hubaki amening'inia kichwa chini bila mzunguko wa kumrudisha. Ngazi mbili zaweza kubadilishana nafasi, lakini msingi haurukwi.

Shule nyingi za Afrika Mashariki hazina motaboti wala ziwa karibu, wala si lazima ziwe navyo. Kiti kizungukacho na vitabu viwili mikononi mwa mwanafunzi vyatosha kuionyesha kanuni. Akivuta mikono kifuani ataona mwendo ukiongezeka. Mwalimu aandikaye fomula ubaoni bila kumwonyesha mwanafunzi mwili wake mwenyewe ukiitii, amemrusha ngazi ya kwanza, sawa na yule amhimizaye mwanagenzi apinduke kabla hajajua kutua. Mmoja huvunja goti, mwingine huvunja hamu ya kujifunza. Yote mawili huchukua muda mrefu kupona.